Mwanamke akioa mwanamke Kuria: si ya wazungu, na pia si ile unayofikiria

Panda Probox ya Migori kwenda Kehancha siku ambayo redio imetaja ushoga, utasikia. Mmoja ataanza: hayo mambo yaliletwa na wazungu, Mwafrika hajui kitu kama hicho. Wa pili ataingia na Sodoma na Gomora. Wale wanne wa nyuma, waliobanana kama omena kwa gunia, watakubaliana kwa kauli moja, na hiyo peke yake ni muujiza kwa gari la abiria. Na gari ni hilo hilo linaingia Kuria, mahali ambapo kwa vizazi mwanamke ametoa ng'ombe akaoa mwanamke, mchana kweupe, wazee wakiwa wamekaa pale na watu wakila nyama.

Hakuna mtu ndani ya gari anayeunganisha hizo stori mbili. Lakini ukiingia mtandaoni kuna wanaoziunganisha, na wanaziunganisha vibaya. Upande mmoja unaapa kwamba Afrika haijawahi kuona mwanamke akiitwa mke wa mwanamke. Upande wa pili, mara nyingi vijana wenzangu walioko Nairobi, wanaposti picha ya mama wawili wa Kikuria na kuandika kwamba mababu zetu walikubali ndoa za mashoga. Wote wawili wanamtumia yule nyanya kama shahidi, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anafanya nini.

Hebu tuanze na alichokuwa anafanya.

Kwa Wakuria, kama ilivyo kwa majirani zao Wakisii na kwa kiasi kikubwa hata kwetu Wajaluo, mali ya mzee haiwi ya mzee tu. Kila mke ana nyumba yake, na nyumba ina ng'ombe zake. Binti wa nyumba hiyo akiolewa, mahari yake inaingia kwa nyumba ya mama yake, ili ndugu yake wa tumbo moja aitumie kuoa. Msichana anatoka, ng'ombe wanaingia. Ng'ombe wanatoka, msichana mwingine anaingia. Nyumba inaendelea.

Sasa chukua mama ambaye amezaa mabinti tu, au hakujaliwa mtoto. Ng'ombe wako zizini lakini hakuna kijana wa kuwatumia. Akifa, nyumba yake inazimika: shamba linameguliwa na watoto wa mke mwenza au na shemeji, na jina lake halitajwi tena. Ndiyo maana anachukua wale ng'ombe, anaenda kwa boma la watu, anaposa msichana kama vile mama yeyote angemposea kijana wake. Msichana anakuja kama mkaza mwana. Mkaza mwana wa nani? Wa mtoto wa kiume ambaye hakuzaliwa. Mama si mume wake. Ni mama mkwe wake, anapikiwa na kuheshimiwa hivyo. Mwanaume wa kuzaa naye anapatikana, wakati mwingine kwa chaguo la msichana, wakati mwingine kwa chaguo la mama, na watoto ni wa ile nyumba. Huyo mwanaume hadai kitu.

Kuvuka mpaka pale Isebania ukatokea Sirari, kwa Wakurya wa Tarime na sehemu nyingine za Mkoa wa Mara, wanaiita nyumba ntobhu, na inajulikana kuliko hata huku kwetu. Wakamba wana yao, mke wa namna hiyo anaitwa iweto. Wanandi wana yao, na pale mambo yanabadilika kidogo: yule mama anayeoa anahesabiwa kuwa mwanaume kabisa. Si mama mkwe. Anatoka kwa kundi la wanawake, anaingia kwa kundi la waume. Regine Oboler, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanandi miaka ya 1970, aliandika kwamba hata kulala na mtu anatakiwa kuacha, kwa sababu mimba ingevuruga kila kitu. Kwa hivyo hata hii "mila ya Kiafrika" si moja.

Ukiitafsiri kwa Kiswahili unagonga ukuta. Kiswahili chetu kinasema mwanaume anaoa, mwanamke anaolewa. Kitenzi chenyewe kimeshaamua nani ni nani. Ukisema "mwanamke ameoa" mtu anacheka au anakuuliza kama umekosea. Lakini mama wa Kehancha aliyetoa ng'ombe hajakosea, na hajafanya mzaha.

Na Wajaluo wenzangu wanaosema hii ni maajabu ya Wakuria, ngojeni. Sisi tuna ter. Mume amekufa, mjane anachukuliwa na jater, na watoto watakaozaliwa wanaitwa kwa jina la marehemu. Mwanaume aliye kaburini anaendelea kupata watoto. Kwa Mkuria mume hakuzaliwa, kwa Mjaluo mume amezikwa. Zote mbili ni ndoa ambazo mtu mmoja hayupo, na kazi yake ni kuhakikisha boma halifungwi. Mapenzi, hata yale ya mwanaume na mwanamke, hayakuwa swali la kwanza.

Kanisani pia mnaijua hii, hata kama hamjagundua. Ni harusi gani ya Migori pasta hajamhubiri Ruthu? Tunasikia vile alivyokataa kumwacha mama mkwe wake, kina mama wanafuta machozi. Lakini soma mpaka sura ya mwisho. Ruthu anazaa na Boazi, na wanawake wa mtaa wanasema Naomi ndiye amepata mwana. Naomi! Ajuza ambaye vijana wake wote wawili wamekufa. Nyanya wa Kikuria akisomewa hiyo sura hatahitaji maelezo.

Swali linalonisumbua mimi ni nani alipewa ruhusa ya kusema hii ni ndoa na ile si ndoa. Hapo historia yetu ni chafu.

Waingereza walileta Sheria ya Ndoa mwaka 1902. Iliweka utaratibu ambao bado tunauishi: mtu wa kufungisha ndoa ni ofisa wa serikali, au kiongozi wa dini mwenye leseni ya serikali. Wamisionari nao walikuwa wanaingia. Waadventista walifika Gendia, upande wa Homa Bay, mwaka 1906. Wakatoliki wa Mill Hill wakafuata Kisii na Asumbi. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa jana, akifungishwa ndoa na padri kutoka Uholanzi, alikuwa na cheti. Baba yake, aliyeoa kwa ng'ombe mbele ya ukoo mzima, hakuwa na chochote.

Usifikirie natia chumvi. Mwaka 1917 ilifika kortini kesi inayojulikana kama kesi ya Amkeyo. Swali lilikuwa kama mke aliyeolewa kimila anaweza kulazimishwa kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, maana mke wa ndoa halali alikuwa analindwa. Jaji Mkuu Robert Hamilton akaamua kwamba hiyo haikuwa ndoa. Kwa maoni yake jina linalofaa zaidi lilikuwa ununuzi wa mke. Yaani kwa mstari mmoja, nyanya zetu wote, wa Kikuria, wa Kijaluo, wa Kisii, walihamishwa kutoka kuwa wake wa watu wakawa bidhaa. Na hapo tunazungumzia mwanaume na mwanamke! Kama ng'ombe za mwanaume hazikutosha kufanya ndoa, za mama asiye na mtoto zingetosha vipi?

Lazima niseme pia upande wa pili, kwa sababu si haki kuficha. Sheria ya ndoa za Wakristo Waafrika ya 1931 ilisema mjane aliyeolewa kanisani anahesabiwa mtu mzima, na halazimiki kwenda kuishi na ndugu ya marehemu. Kwa mwanamke wa South Nyanza wa wakati huo, hicho cheti cha padri kilikuwa ngao. Kuna nyanya walioingia kanisa kwa sababu hiyo tu, na mimi siwezi kuwalaumu.

Lakini kanisa lilifunga mlango pia. Mwenye wake wengi hakupewa sakramenti. Mjane aliyekubali jater alikaa benchi la nyuma. Watu wakachoka. Mwaka 1962 na 1963 Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko wakaanza vuguvugu ambalo lilikuja kuitwa Legio Maria, na makao yake makuu yako hapa hapa Migori, Got Kwer, ambako Ondeto alizikwa baada ya kufa mwaka 1991. Watu huwacheka Legio kwa kanzu zao za rangi na vilemba. Mimi siwacheki. Walimpokea mwenye wake watatu na wake zake wote watatu, wakati kanisa mama lilikuwa linamwambia achague mmoja. Wale wengine wawili wangeenda wapi? Hilo swali padri hakuwa na jibu lake.

Turuke mpaka karne hii.

Oktoba 2009 wanaume wawili Wakenya walisajili muungano wao wa kiraia London na nchi nzima ikalipuka. Magazeti, mimbari, baa, kila mahali. Mwezi uliofuata rasimu ya katiba mpya ikatolewa kwa wananchi. Siwezi kukuambia kwamba moja ilizaa nyingine, lakini hiyo ndiyo hewa watu walikuwa wanavuta. Tarehe 4 Agosti 2010 tukapiga kura, tarehe 27 katiba ikazinduliwa, na ndani yake kuna Kifungu cha 45. Ibara ndogo ya pili inasema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Ibara ndogo ya nne inasema Bunge litunge sheria ya kutambua ndoa zilizofungwa kwa mila au dini yoyote.

Soma hizo mbili pamoja polepole. Ya nne inamwambia Mkuria mila yako tutaitambua. Ya pili inamwambia isipokuwa hii. Waliotazama London wakati wa kupiga kura hawakutazama Ntimaru.

Mwaka mmoja baadaye, 2011, kesi ya mirathi ilifika kwa Jaji Jackton Ojwang, Mahakama Kuu ya Mombasa. Ajuza wa Kinandi alikuwa amefariki na kuacha nyumba. Mwanamke aliyeolewa naye kimila alitaka kurithi, yeye na watoto wake. Jamaa wa marehemu walipinga. Jaji akasikiza ushahidi wa mila, akaangalia katiba mpya inavyosema utamaduni ni msingi wa taifa, akaamua kwamba ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kwa Wanandi ni mila halisi, na yule mama na watoto wake ni warithi. Kesi haikuwa na kelele za mapenzi wala haki za mashoga. Ilikuwa ni nani atalala chini ya paa hilo.

Ungedhani Bunge lingesoma hiyo hukumu. Machi 2014 Mswada wa Ndoa ukafika kwenye kikao, na unajua wanaume walipigania nini? Waliondoa kifungu kilichotaka mke wa kwanza aulizwe kabla ya mume kuongeza wa pili. Junet Mohammed, mbunge wetu wa Suna Mashariki, alisimama akasema ukioa mwanamke wa Kiafrika lazima ajue wa pili yuko njiani, na wa tatu pia, kwa sababu hii ni Afrika. Wabunge wanawake wakatoka nje usiku huo kwa hasira. Aprili 29 Rais Uhuru Kenyatta akatia sahihi.

Sheria hiyo ilifuta sheria saba za zamani na kuweka aina tano za ndoa: ya Kikristo, ya kiraia, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Ni jambo kubwa, sitadharau. Kwa mara ya kwanza ndoa ya kimila ilisimama mstari mmoja na ya kanisa, na kuanzia Agosti 2017 watu wakaanza kuzisajili. Amkeyo alilipiwa deni lake baada ya karibu miaka mia moja. Lakini kifungu cha 3 kinasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanaume na mwanamke. Kwa hiyo mzee mwenye wake wanne, Afrika yake ilipita Bungeni na makofi. Mama mwenye mabinti na ng'ombe wake, Afrika yake iliachwa mlangoni. Pasta mwenye leseni hawezi kumfungishia hata akitaka, na msajili hawezi kumpa cheti.

Kisha ikaja Februari 2023. Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, iliamua kwamba shirika la watetezi wa mashoga na wasagaji lilibaguliwa liliponyimwa usajili. Haikusema neno la kuruhusu ndoa. Kifungu cha 45 kiko pale pale, na kanuni ya adhabu iko pale pale. Mahakama Kuu ilishakataa kuibatilisha Mei 2019. Lakini mimbari zote za Migori na Homa Bay Jumapili na Jumamosi hiyo zilisikika kama korti imetangaza harusi. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, alienda Mahakama ya Juu kuomba iangalie upya uamuzi wake, akakataliwa Septemba mwaka huo, na akaandaa Mswada wa Kulinda Familia wenye adhabu kali zaidi.

Unaweza kukubaliana naye au la. Mimi binafsi naona tuna mashoga na wasagaji kati yetu hapa, ni watoto wa watu, na kuwafukuza nyumbani hakujawahi kulinda familia yoyote niliyoiona. Najua wengine mtaniacha hapo, sawa. Lakini hata wewe unayemuunga mkono Kaluma mia kwa mia, nakuuliza tu: neno "familia" kwa huo mswada, yule mkaza mwana wa Kehancha yuko ndani au nje?

Sipambi hii mila. Ina uoza wake. Msichana anayeposwa na ajuza mara nyingi ni wa boma maskini, na baba yake ndiye anahesabu ng'ombe. Wengine wameposwa wakiwa hawajafika 18, na hiyo ni kosa bila kujali aliyetoa mahari ana ndevu au hana. Kuna wanaoletewa mwanaume ambaye hawakumtaka. Kuna wanaofanyishwa kazi ya shamba kama trekta. Na kuna wengine, tuwe wakweli, waliochagua wenyewe, kwa sababu wameona dada zao wakipigwa na waume na wakaona afadhali mama mkwe mmoja kuliko hiyo. Hakuna mwanaume ndani ya nyumba wa kuwainulia mkono.

Na watoto wanakua katikati ya sheria mbili. Kifungu cha 53 cha katiba kinasema mtoto ana haki ya kulelewa na baba na mama, wawe wameoana au la. Kwa hiyo yule mwanaume wa usiku, ambaye mila ilimwambia hana deni, sheria inamwambia analo. Mara nyingine anakumbuka ubaba wake wakati kijana amemaliza shule na ameanza kupata pesa. Mila inamfukuza, sheria inamkaribisha. Tanzania hawako mbele yetu kwa hili. Sheria yao ya ndoa ya 1971 inasema mume na mke vile vile, na nyumba ntobhu inabaki nje.

Sasa nyanya amefariki. Matanga yamekwisha, viti vya kukodi vimerudishwa. Shemeji, ambaye kwa miaka 30 alikula ugali kwa hiyo nyumba na kumwita mkaza mwana "mke wetu", amekumbuka kwamba kwa sheria huyo si mke wa mtu yeyote. Anataka shamba. Kesi ya mirathi itaenda kortini, Kehancha au Migori, na faili haifunguki bila barua ya chifu inayotaja warithi wa marehemu. Mkaza mwana anavaa viatu, anachukua kitambulisho chake, ambacho hakina jina la nyumba hiyo mahali popote, anaenda kukaa kwenye foleni nje ya ofisi ya chifu. Chifu ni mzee wa kanisa. Anamjua huyu mama, anawajua watoto wake kwa majina, na alikula nyama siku ile ng'ombe zilipotoka. Anafungua karatasi, anaandika jina la marehemu, na chini yake kuna nafasi ya kuandika uhusiano.